Kiwavi Huwasha Hata Akifa: Tusisugue, Tusikimbilie Shoka



Masika haya mpwa wangu wa miaka minane alikuwa akicheza chini ya mkungu wa uani, akamshika kiwavi aliyekaukia kwenye gome. Mkono ukaanza kumuwasha. Sisi wakubwa tukamsugua kwa mchanga, kisha kwa mafuta ya taa, kama tulivyosuguliwa utotoni. Kwa mkono huo huo akajifikicha jicho. Siku tatu jicho jekundu, machozi hayakatiki, mpaka daktari wa macho akalitazama kwa kifaa chake na kutoa unywele mmoja usioonekana kwa macho matupu. Alhamdulillahi, anaona vizuri. Lakini karibu kila tulichomfanyia siku ile kilikuwa makosa.

Kiwavi ni mtoto wa nondo au kipepeo, na wengi wao hawamdhuru mtu. Wanaowasha ni wa namna mbili. Wako wenye miiba iliyo wazi ndani kama sindano, yenye sumu. Ukiwagusa, ncha huvunjikia ndani ya ngozi. Na wako wenye nywele nyepesi zinazopukutika, zikapeperushwa na upepo au kubaki kwenye gamba alilovua na kwenye kifuko anachojifungia kabla ya kuwa nondo. Ndiyo maana kiwavi aliyekufa bado huwasha, na ndiyo maana kumchoma moto au kumfagia kwa nguvu huzitawanya nywele hewani.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 2006 nondo wa aina hiyo, anayeishi kwenye mialoni, aligunduliwa London. Hadi leo wanaoondoa viota vyake huvaa nguo za kujikinga, kwa kuwa nywele hubaki na ukali hata baada ya viwavi kuondoka.

Mtu akiguswa, asisugue wala asikune. Chukua utepe wa gundi, ubandike juu ya ngozi na kuubandua mara kadhaa, kila mara kipande kipya, ili uzing'oe nywele. Kisha osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, na nguo alizovaa zifuliwe. Dawa ya mzio kutoka duka la dawa hupunguza muwasho. Zikiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi na umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Akivimba uso au akipumua kwa shida, usingoje: hospitali.

Sasa tuje kwenye mti. Jani ndilo jiko la mti. Mkungu, mwembe au mkanju wenye afya ukiliwa majani mara moja huchipua tena. Ukiliwa msimu baada ya msimu, na ukame juu yake, hudhoofika na kuzaa haba. Mnazi una hatari zaidi. Hutoa kuti moja hivi kwa mwezi, na kila kuti hubeba karara lake kwapani. Makuti yakiliwa sana, hasara utaiona kwenye nazi za miezi ijayo.

Siku ile jirani yetu alishaleta shoka. Tukamzuia, kwani mkungu ule ndio kivuli cha watoto wa chuoni. Tawi lenye viwavi wengi likatwe polepole, aliyevaa glavu, mikono mirefu na miwani, kisha lifukiwe. Mayai yakionekana chini ya majani, yatolewe mapema. Dawa kali zisiwe mbio za kwanza, kwa sababu huwaua pia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, na majimoto wanaowawinda mitini. Majimoto twawalaumu kwa kutuuma tukipanda mkanju, kumbe ni walinzi wetu. Ikibidi kupuliza, muulize afisa wa kilimo kuhusu dawa ya mwarobaini au ile ya bakteria inayolenga viwavi.

Basi mvua zikishapiga na majani machanga kuchipua, tazama juu kabla ya kutandika mkeka. Na waambie watoto kwamba kiwavi, awe hai au amekufa, haguswi kwa mkono.