Habari za Kura ya Mtu Maskini

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akiisha kupewa ruhusa ya kupiga kura, basi amekwisha kuwa huru. Tukitazama mambo yaliyopita twaona ya kwamba sivyo. Ruhusa ni neno moja, na uhuru wa kuitumia ni neno jingine. Leo tutaeleza habari za Uingereza, maana huko ndiko zilikotoka sheria nyingi za uchaguzi tulizozirithi, na huko mali na kura zilishindana muda mrefu.

Zamani kura ilikuwa jambo la wenye mali. Mji wa Manchester, uliojaa viwanda na watu, haukuwa na mjumbe wake hata mmoja katika Bunge. Bali Old Sarum, mahali palipobaki magofu na majani tu, palipeleka wajumbe wawili, na wapiga kura wake hawakufika hata ishirini. Katika mwaka 1832 Bunge lilibadili sheria. Mjini, mwanamume aliyekaa katika nyumba ya thamani ya paundi 10 kwa mwaka alipewa kura. Shambani, mpangaji aliyelipa kodi ya paundi 50 kwa mwaka alipewa vilevile. Hata hivyo katika Uingereza na Wales ni kama mwanamume mmoja tu katika watano aliyepata ruhusa hiyo, na wanawake hawakupata.

Sasa tazameni mtego uliokuwamo. Wengi wa wapangaji wale hawakuwa na mapatano ya miaka na mwenye ardhi. Akitaka kuwaondoa, aliweza. Na kura ilipigwa kwa sauti! Siku ya uchaguzi mtu alipanda jukwaani mbele ya watu wote, akataja jina lake na jina la yule amtakaye. Karani akaandika katika daftari, na mara nyingi madaftari hayo yalipigwa chapa yakauzwa. Basi mwenye ardhi hakuwa na haja ya kuulizauliza. Alifungua kitabu akasoma. Mkulima mwenye watoto sita, ambaye nyumba yake na shamba lake vi mkononi mwa mtu mwingine, angesema nini pale jukwaani? Wahenga walisema, Mwenye nguvu mpishe. Kadhalika aliyenunua kura kwa fedha au kwa pombe aliweza kuona kama mali aliyoinunua ameipokea.

Walikuwako watu walioona ubaya huo. Wale walioitwa Chartists, wengi wao wafanya kazi wa viwandani, walitaka tangu mwaka 1838 kura iwe ya siri, wakalipelekea Bunge maombi mara tatu, katika mwaka 1839, 1842 na 1848. Bunge likakataa. Wala si wajinga tu waliopinga. John Stuart Mill, mtu mwenye elimu kubwa, aliandika katika mwaka 1861 ya kuwa kura ni amana, kwa hiyo yafaa mtu aipige mbele ya wenzake ili wamwone. Neno hilo lina maana, nasi hatulidharau. Lakini lamfaa yeye asiyeogopa kufukuzwa nyumbani mwake kesho.

Jambo lililotia watu uchungu lilitokea Wales. Huko wakulima wengi walikuwa watu wa makanisa madogo yaliyojitenga na kanisa la serikali, na mabwana wenye ardhi wengi walikuwa wa kanisa lile la serikali. Katika uchaguzi wa mwaka 1868 wakulima wengi waliifuata dhamiri yao, wakawapinga mabwana. Katika wilaya za Cardigan na Carmarthen makumi ya wapangaji wakapewa amri ya kuhama. Watu wakachanga fedha kuwasaidia, na mjumbe wao Henry Richard akalisema jambo hilo Bungeni katika mwaka 1869.

Hata mwaka 1872 sheria ya kura ya siri ikapita. Mji wa Pontefract ulikuwa wa kwanza kuijaribu katika kumchagua mjumbe wa Bunge, tarehe 15 Agosti mwaka ule. Sanduku la kura lilitiwa lakiri kwa muhuri wa kiwanda cha peremende za mji ule. Tangu hapo mnunuzi wa kura alinunua kitu asichoweza kukiona. Lakini hongo haikufa mara moja. Katika uchaguzi wa mwaka 1880 fedha nyingi zilimwagwa, hata mwaka 1883 ikatungwa sheria nyingine iliyoweka mpaka wa gharama za mgombea na kuwatia gerezani wahongaji.

Mambo haya si mageni kwetu. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, mtu alitakiwa awe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotajwa na sheria. Walio wengi wakabaki nje. Sharti lile liliondoka, lakini mali ikapata mlango mwingine. Katika mwaka 2000 sheria ya Tanzania iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Katika mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaibatilisha, ikionyesha ya kwamba humpendelea mgombea tajiri juu ya maskini.

Twasema, Mkono mtupu haulambwi. Ni methali ya kweli kwa wageni na jamaa, bali katika uchaguzi ina hatari. Anayetoa kilo ya sukari leo hutegemea kwamba njaa itamchagua. Wakulima wa Wales walipoteza mashamba kwa kura walizozitaja kwa sauti. Sisi twapiga kura ndani ya kijumba, peke yetu, wala hakuna daftari la kutusomea. Aliyepokea sukari hana deni pale, na asiyepokea hana hasara. Tuingie tukijua ya kuwa siri ile ililipiwa na watu maskini kama sisi.