Samaki Mwenye Herufi Mgongoni

Mwaka 1810, Rafinesque alimpa samaki wa Sisilia jina alletteratus, mwenye herufi, kwa mistari ya mgongoni mwake ifananayo na hati. Ng'ambo ya Atlantiki, Wamarekani walimwita jodari wa uongo. Nyama yake nyeusi ya damu haikupendwa mezani. Hata hivyo, kisiwani Martha's Vineyard, penye mashindano ya uvuvi tangu 1946, yumo miongoni mwa samaki wanaoshindaniwa kila Septemba. Mmoja humngojea kwa mshipi mawimbini, mwingine hufuata ndege kwa boti, wa tatu huburutwa na kayaki yake. Nduguye, sehewa wa Bahari ya Hindi, huuzwa Unguja bila aibu ya jina. Uongo basi u wapi: kwa samaki, au kwa aliyemwita?