Erasmus na Mwaka wa Masomo Usiopotea

Mwaka 1958 Sofia Corradi, mwanafunzi wa sheria kutoka Italia, alirudi Roma na shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliyoisomea kwa ufadhili wa Fulbright. Chuo chake kikakataa kuyatambua masomo hayo. Mtu amevuka bahari, amefaulu mitihani, halafu anaambiwa haihesabiki!

Corradi hakukubali yaishe. Mwaka 1969, akiwa mshauri wa baraza la wakuu wa vyuo vikuu vya Italia, aliandika waraka akitaka mwanafunzi aweze kusoma sehemu ya shahada yake nje ya nchi, ilimradi chuo chake kimeidhinisha masomo hayo mapema. Aliwafuata wakubwa kwa miaka mingi. Waitaliano walimwita Mamma Erasmus, yaani mama wa mpango wa Erasmus, hadi alipofariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91.

Jumuiya ya Ulaya ilianza kwa majaribio madogo mwaka 1976, ikifadhili ushirikiano wa idara kwa idara. Mpango kamili wa kubadilishana wanafunzi ulipopendekezwa, baadhi ya serikali zilibana fedha kiasi kwamba Kamisheni ya Jumuiya hiyo iliamua kuliondoa pendekezo lake. Vyama vya wanafunzi vikapaza sauti, na Juni 15, 1987 mpango ukapitishwa. Ulipewa jina la Erasmus wa Rotterdam, mwanazuoni aliyeishi Paris, Leuven, Cambridge na Basel. Mwaka wa kwanza walisafiri wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11.

Wengi husifia posho wanayopewa wanafunzi. Kwangu mimi, kazi kubwa zaidi ilifanywa na karatasi: mkataba wa masomo wenye sahihi tatu, ya mwanafunzi, ya chuo kinachomtuma na ya chuo kinachompokea, ukitaja kila somo atakalosoma. Mwaka 1989 ukaongezwa mfumo wa pamoja wa krediti, 60 kwa mwaka mzima. Hapo ndipo kilio cha Corradi kilipopata dawa.

Wahadhiri nao wanastahili shukrani kuliko wanavyopewa. Mwanzoni mabadilishano mengi yalitegemea maprofesa waliofahamiana na kuaminiana. Nao walipata nafasi ya kwenda kufundisha katika vyuo vya wenzao, na tangu 2007 wafanyakazi wa ofisi na maktaba pia huweza kwenda kujifunza kazi kwa wenzao.

Siasa haikuuacha mpango huu salama. Uswisi ilitolewa mwaka 2014, baada ya kura yake kuhusu uhamiaji. Uingereza ilijitoa baada ya Brexit, yaani kuondoka kwake katika Umoja wa Ulaya, na hilo liliwaumiza vijana ambao hawakuwa na umri wa kupiga kura ya Brexit. Serikali ya Ireland ikajitolea kuwalipia wanafunzi wa Ireland Kaskazini wasikose nafasi. Desemba 2025 London ilitangaza kwamba Uingereza itarejea mwaka 2027.