Bustani ya Amani na Miti Iliyowashinda Waasisi Wake

Msafiri anayepanda kutoka Muheza kwenda Usambara Mashariki, akiiacha minazi na mikonge ya tambarare na kuingia katika ukungu wa mashamba ya chai, huifikia Amani baada ya takriban kilomita 30 za barabara ambayo mvua ndiyo huamua mwendo wake. Na huko hukuta bustani iliyoasisiwa mwaka 1902 na serikali ya Wadachi, si kwa tafrija ya mtu yeyote, bali kwa tamaa ya kuchuma.

Taasisi hiyo, ambayo mwasisi wake alikuwa Franz Stuhlmann, ilikusanya mimea ya Asia, Amerika na kwingineko, mipira na kahawa, mikwinini, viungo na miti ya mbao, kila jinsi ikapewa mahali pake kuanzia bonde la joto la mto Sigi hadi migongo ya milima yenye baridi, ili ijulikane ni upi utakaoitajirisha koloni. Vita vya 1914 vilipozuia meli, magome ya mikwinini ya Amani ndiyo yaliyowapatia askari wa Kidachi kwinini. Waingereza nao walipoirithi, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza, katika miaka ya 1930, kuuchanganya muhogo na jamaa yake wa Brazil agemwaye utomvu wa mpira, ili upatikane muhogo usiodhoofishwa na batobato. Na uzao wa kazi hiyo ulifika Nigeria, ukaingia katika nasaba ya mihogo mingi ya Afrika. Hatimaye utafiti wa kilimo ulihamishiwa Kenya, majengo wakaachiwa wataalamu wa malaria, na miti ikabaki bila msimamizi wa kuidai hesabu.

Amma ua lililoieneza sifa ya Usambara, hilo halikuingoja taasisi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kidachi wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Hannover akaliita Saintpaulia. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, ilhali kwao hujibanza kwenye miamba yenye unyevu, kivulini kando ya vijito, na apitaye kwa haraka hulipita asilione.

Wala si kila kilichopandwa kilitii mpaka: Maesopsis eminii, mti wa pande za Ziwa Victoria, ulipenya msituni ukashindana na miti ya asili, na athari yake ingalipo hata baada ya msitu huo kutangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997.

Kwa hiyo Amani haitazamwi kwa saa moja. Atakaye maua yaliyopangwa safu safu atayapata mjini. Lakini atakaye kufahamu jinsi dola mbili zilivyopanda kwa pupa na kuondoka kabla ya miti yao kukomaa, na alale huko usiku kadhaa, amtafute kiongozi wa kijijini aijuaye miti kwa majina, kisha aenende kwa miguu, akisimama kila kiongozi asimamapo.