Kikombe kimoja, vipande viwili

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya tangu muhula uanze, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimemezwa na hii nchi. Sijamezwa. Ni masomo tu, na kichina, na hii mvua ya Guangzhou ya mwezi wa nne ambayo ukianika shati Jumatatu, Alhamisi bado unalivaa bichi.

Leo nataka kuwasimulia habari ya kula. Najua mtasema kama kawaida yangu. Lakini hii ina historia ndani yake, na ina mama yangu mdogo pia, kwa hiyo vumilieni.

Mama mdogo ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Alianza kuja Guangzhou mwaka 2006, enzi zile ukishuka tu Xiaobei unasikia Kiswahili, Kilingala na Kihausa kabla hujasikia kichina. Amenunua hapa viatu, mapazia, taa, hadi vioo vya saluni. Juzi alikuja kwa ajili ya maonyesho ya Canton, yale yanayofanyika hapa mara mbili kila mwaka tangu 1957. Nikaenda kumpokea, shikamoo, marahaba mwanangu umekonda, na mengine yote. Nikamwambia, "Mama mdogo, kesho asubuhi nakupeleka tukale dim sum."

Akanijibu, "Wewe mtoto, mimi nina unga wangu kwenye sanduku."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wale mliofuatilia habari mnakumbuka Aprili 2020. Wakati ule wa Corona, hapa Guangzhou Waafrika wengi walitolewa kwenye nyumba na hoteli walizokuwa wamelipia, wengine wakapimwa na kufungiwa karantini hata kama hawakuwa wamesafiri popote. Kuna mgahawa ulibandika tangazo kwamba watu weusi hawaruhusiwi kuingia. Mabalozi wa nchi za Afrika kule Beijing waliandika barua kulalamika. Mama mdogo alikuwepo. Mwenye nyumba alimpa saa moja afungashe. Alilala usiku wa kwanza chini ya daraja akiwa amekalia mabegi yake, na akajaribu kununua uji sehemu tatu akifukuzwa kwa mkono kama kuku. Aliporudi Dar hakuhadithia, mimi nilikuja kuyasikia baadaye kwa mama. Kumbe tangu arudi kwenye safari zake, anakula chumbani tu. Biashara anafanya, mezani kwa Mchina hakai.

Sasa hapo nikabanwa. Nimweleze nini? Mimi mwenyewe nilikuja baada ya mipaka kufunguliwa, sikuyaona hayo. Nikaamua kumwambia kitu pekee ninachokijua vizuri, maana ndicho nilichoandikia insha muhula uliopita: kile chakula kilianza wapi na kilikuwa cha nani.

Tuanze na neno. Dim sum ni matamshi ya kikantoni, lugha ya huku kusini. Maana yake kwa neno kwa neno ni kitu kama "gusa moyo", yaani kitu kidogo cha kutuliza njaa, siyo mlo kamili. Lakini wenyeji wa hapa hawasemi "twende tukale dim sum". Wanasema "yum cha", twende tukanywe chai. Chai ndiyo mwenyeji, vitafunwa ni wageni. Na hilo "cha" ndugu zangu ndiyo chai yetu hiyo hiyo. Lilisafiri nchi kavu hadi Uajemi, likazunguka kwa Wahindi na Waarabu, likatua kwetu pwani. Waingereza wao wanasema "tea" kwa sababu neno lao lilitoka kwenye lahaja ya Fujian, likapakiwa kwenye meli za Waholanzi. Kwa hiyo sisi na watu wa Guangzhou tunaita kitu kimoja jina moja, miaka yote hii, bila kujuana.

Wengi hata hapa chuoni watakwambia dim sum ilikuwa chakula cha wafalme. Sikatai kwamba ikulu walikula vitu vitamu. Ila migahawa hii tunayoenda sisi wanafunzi haikutoka ikulu. Ilitoka kwa makuli.

Kuanzia 1757 hadi 1842, wafanyabiashara wa Ulaya waliruhusiwa kununua na kuuza China kwenye mji mmoja tu, Guangzhou, ambao wao waliuita Canton. Chai yote iliyokwenda London kihalali ilipita hapa mtoni. Fikiria ni masanduku mangapi, na fikiria nani aliyabeba. Kisha ikaja Vita ya Afyuni, 1839 hadi 1842, China ikashindwa, bandari nyingine zikafunguliwa na Hong Kong ikachukuliwa na Waingereza. Mji ulibaki na bandari yake, wabebaji wake, maseremala, wapiga makasia, watu wanaoamka gizani na kuhitaji kitu cha moto tumboni.

Kwa ajili ya watu hao, katikati ya karne ya 19 zilikuwepo nyumba za chai zilizoitwa "nyumba za li mbili". Wakati ule fedha ilipimwa kwa uzito, kipimo kikiwa taeli, na taeli moja ina li 1,000. Kwa hiyo li mbili ni kama kusema shilingi mbili kwenye noti ya elfu. Hivyo vilikuwa vibanda tu: meza za mbao, mabenchi, birika kubwa, na vitafunwa vya kushibisha. Hakuna hariri, hakuna kinanda. Nikamwambia mama mdogo, "Ni mama ntilie hao. Ni mama ntilie wa bandarini kabisa."

Hapo ndipo alipoacha kukunja nguo akanitazama.

Matajiri walikuja baadaye. Mwaka 1880 ilifunguliwa Taotaoju, na 1889 Lin Heung, majumba ya ghorofa ambayo majina yake watu wa hapa bado wanayajua. Huko ndiko ule usemi wa kikantoni ulikosikika sana, "kikombe kimoja, vipande viwili": chai yako moja na vitafunwa viwili, unakaa na gazeti mpaka mchana. Hong Kong nayo ilikuwa na sheria ya kikoloni iliyowazuia Wachina kutembea usiku bila kibali. Soma tena hapo. Katika mji wao wenyewe, unatembea na karatasi na taa ndiyo usikamatwe. Sheria hiyo iliondolewa 1897, na nyumba za chai zikapata wateja wa jioni.

Katika miaka ya 1920 na 1930 ushindani ulikuwa mkali hadi wapishi wa Guangzhou wakaanza kubadilisha orodha ya vitafunwa kila wiki. Inasemekana ni wakati huo, kwenye kijiji kilichokuwa nje kidogo ya mji, mtu mmoja alipochukua kamba wabichi wa mtoni na kuwafunga ndani ya unga mwembamba, ikawa har gow. Ngozi yake haitokani na unga wa ngano wa kawaida bali ni wanga wa ngano, ndiyo maana ukiiva unaona kamba kwa ndani kama unachungulia dirishani. Siu mai wao ni wazee zaidi, walitoka kaskazini kwenye nyama ya kondoo, walipofika kusini wakabadilishwa kuwa nguruwe na kamba. Chakula nacho kinahama na kujifunza lugha.

Baadaye yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, majumba mengi ya zamani yakabadilishwa majina, kukaa na kikombe asubuhi nzima ikaonekana ni ubepari. Utamaduni ukaendelea zaidi Hong Kong, na vile vitoroli vya kusukuma kati ya meza. Ulishavuka bahari pia: New York kuna Nom Wah, ilifunguliwa 1920 na ipo hadi leo. Baada ya mageuzi ya 1978 Guangzhou ikarudia chai yake.

Na hata mambo ya nyota hayakuua bei ndogo. Mwaka 2009 mpishi Mak Kwai Pui, aliyekuwa kwenye hoteli kubwa ya Hong Kong, alifungua kijumba kidogo Mong Kok kiitwacho Tim Ho Wan, kikapata nyota ya Michelin huku watu wakipanga foleni barabarani kula kwa hela ya nauli. Wengine walishangaa. Mimi nilivyosoma ile historia ya li mbili sikushangaa.

Basi. Kesho yake saa moja asubuhi mama mdogo alikuwa amevaa kitenge na koti, anasubiri chini. "Twende nikaone hao makuli wako," akasema.

Pale ninapokwenda ni nyuma ya soko, ghorofa ya kwanza, taa nyeupe, kelele za vyombo, wazee wamejaa. Nilimwona akisimama mlangoni. Mkono wake ulishika mkanda wa pochi kwa nguvu. Mhudumu, mama wa makamo mwenye aproni iliyolowa, akatuangalia, akanyoosha vidole viwili kuuliza "wawili?", nikaitikia, akatupeleka kwenye meza iliyokuwa na mzee tayari. Hapa hiyo ni kawaida, kukiwa kumejaa unachanganywa na usiowajua. Mama mdogo akakaa ukingoni mwa kiti, kama mtu aliye tayari kunyanyuliwa.

Mzee hakunyanyua macho. Alikuwa anasuuza bakuli lake kwa chai ya moto, kama wanavyofanya wote huku. Nasi tukasuuza. Nikaagiza har gow, siu mai, mkate wa mvuke wenye nguruwe wa kuchoma, miguu ya kuku, na kile kitafunwa cha mchele kilichokunjwa kama mkeka.

Mkate ulipofika akauma, akatafuna, akasema kwa sauti ya chini, "Hii si ni kitimoto?" Nikamwambia ndiyo, ya kuvaa suti. Akacheka kidogo. Miguu ya kuku ilipofika akacheka kabisa: "Nimevuka bahari kuja kula vya kwetu!" Huku wanaiita makucha ya finiksi, ndege wa hadithi, na wanaikaanga kwanza kisha wanaitia mvuke na maharage meusi yaliyochachushwa. (Wenzangu Waislamu, angalizo: hata vile vinavyoonekana vya kamba tu au vya yai mara nyingi vina mafuta ya nguruwe. Ulizeni kwanza, au nendeni kwenye nyumba za halali, Guangzhou zipo.)

Halafu yule mzee, bila neno, akainua birika lake akamjazia mama mdogo kikombe. Mama mdogo akaniangalia mimi. Nikamwonyesha: gonga meza kwa vidole viwili vilivyokunjwa, ndiyo asante yao. Kuna hadithi kwamba mfalme Qianlong alitembea kwa kujificha akammiminia chai mtumishi wake, mtumishi hakuweza kupiga magoti bila kumfichua, basi akapigisha vidole magoti. Ni hadithi tu, lakini vidole vinagonga kila meza. Mama mdogo akagonga. Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye gazeti lake. Ndiyo hivyo tu. Hakuna aliyemwomba radhi, na mzee wala hakujua anamjazia nani.

Bili ilikuja yuan 74 kwa wawili na chai. Akalipa yeye, akanikatalia kabisa. Tulipokuwa tunashuka ngazi nilijifanya mjanja nikamuuliza, "Sasa mama mdogo, umeonaje?"

Akasimama. Akasema, "Nimekula vizuri. Wale wapishi hawana kosa. Lakini usije ukaandika huko kwenye mambo yako kwamba nimesamehe, maana hakuna aliyeniomba."

Basi sijaandika hivyo. Nimeandika alivyosema.

Nilichojifunza mimi ni kwamba kwenye ile insha nilisahau kitu. Niliandika nyumba za li mbili kama vile zilikuwa na ukarimu kwa sababu ya bei. Bei ndogo inafungua mlango kwa maskini, ni kweli. Haiwezi kukuhakikishia nani atasimama mlangoni siku ya shida. Mji huu umekaribisha meli za watu wote kwa karne nyingi na umewahi pia kuwafungia nje, na vyote viwili ni historia yake. Mwalimu alinipa alama nzuri, lakini mama mdogo angenikata.

Alikuwa na siku nne zaidi kabla ya ndege. Kesho yake saa moja na nusu asubuhi nimelala, simu ikaita.

"Uko wapi wewe? Nimeshakaa na yule mzee. Wanafanyaje hapa ili waongezewe maji?"

Nikamwambia afungue kifuniko cha birika akiache wazi, watakuja wenyewe.

"Sawa," akasema, akakata.

Naishia hapo kwa leo, kesho nina mtihani wa kichina na bado maandishi mia mbili hayajaingia kichwani. Tuko pamoja.