Umaliziaji wa makali ya kisu
Umaliziaji wa makali ni hatua ya mwisho ya kunoa kisu. Wengi hudhani makali yanayong'aa ndiyo bora kwa kila kazi, lakini sivyo. Kisu cha mfukoni kilichonolewa kwa jiwe la namba 400 hadi 1000 hubaki na vijino vidogo mno, ambavyo hushika nyuzi na kukata vizuri kamba au ganda la nyanya kinapovutwa. Makali yaliyolainishwa kwa jiwe la namba 6000 (namba kubwa ni chembe ndogo), kisha kwa mkanda wa ngozi, hufaa kuchonga mti au kunyoa. Kwenye kamba huteleza. Kwa vyovyote, unyuzi wa chuma unaojikunja ukingoni wakati wa kunoa uondolewe, la sivyo kisu kitakuwa butu mapema.