Masalia ya flaksi: kinachoachwa na fundi kwenye bodi

Kompyuta imetengenezwa Keroka mwezi wa Januari, na mwenyewe akaondoka nayo akiwa radhi. Mvua za masika zinapoanza, inakataa kuwaka. Fundi anaifungua tena na kukuta kipuri alichobadilisha kingali kizima, solda nayo imeshika sawasawa. Lakini akiinamisha bodi kwenye mwanga, anaona utando wa manjano umezunguka miguu ya kipuri kile, na ndani ya utando huo kuna unga mweupe unaoelekea kijani. Hakuna chai iliyomwagika wala vumbi lililoingia. Utando ule uliachwa na kazi yake mwenyewe, na jina lake la kitaalamu ni masalia ya flaksi.

Istilahi hii ina maneno mawili, na kila moja lina kazi yake.

Flaksi ni dawa ya kulehemu. Shaba na bati zikikaa hewani huvikwa ngozi nyembamba ya oksidi, na solda iliyoyeyuka haishiki juu ya ngozi hiyo. Hujikusanya ikawa tone na kubingirika. Flaksi ikipashwa moto huila ngozi hiyo, metali ikabaki tupu kwa muda mfupi, solda ikatandaa na kushika. Aina yake ya kale hutokana na utomvu wa msonobari uliokwisha kutolewa tapentaini. Ndani ya utomvu huo mna asidi ya abietiki, ambayo ikipoa huganda na kutulia, na ikipata moto huamka na kufanya kazi. Katika solda nyingi za waya, flaksi imo tayari ndani ya waya wenyewe, na ndiyo inayotoa ule moshi unaopanda fundi anapogusa bodi kwa solda ya umeme.

Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, kwa maana ya kutiririka, na katika vibanda vya mafundi wa Kenya limekwisha kuzoeleka kama flaksi. Halihitaji kutafutiwa mbadala. Lehemu nayo tuliipata kwa Waarabu zamani, na kamusi zetu zinaitambua, ingawa fundi wa Kisii atasema anasolda kabla hajasema analehemu. Ugumu uko kwenye neno la pili.

Kiswahili kina maneno mengi ya vitu vinavyobaki. Nazi iliyokamuliwa huacha machicha. Kimiminika kilichotulia huacha mashapo chini ya chombo. Wali ulioshika sufuria huacha ukoko. Chakula walichoshindwa kumaliza walaji ni masazo. Kwa hiyo anayetafsiri habari za bodi za kompyuta hana shida ya uhaba, ila ana shida ya kuchagua. Wengi hukimbilia uchafu, na hapo ndipo wanapopotea. Uchafu hutoka nje: vumbi la barabarani, unga wa mawe ya sabuni katika karakana za wachongaji wa Tabaka, nywele za paka. Kinachozungumziwa hapa hakikutoka nje. Kilitiwa kwa makusudi, kikafanya kazi iliyokusudiwa, kisha kikasalia. Masalia hubeba historia hiyo ndani yake, kwa kuwa asili yake ni kitenzi kusalia, na kinachosalia lazima kiwe kimesalia baada ya jambo fulani.

Mkulima wa chai wa Nyamira analijua wazo hili hata kama hajawahi kuona bodi ya saketi. Anajua kwamba dawa aliyonyunyiza shambani ilifanya kazi yake ya kuua wadudu, lakini kiasi fulani chake huweza kubaki kwenye jani mpaka kiwandani, na kwamba masoko ya Ulaya yana vipimo vya kiasi kinachokubalika. Hayo ni masalia ya viuatilifu. Hakuna anayeyaita uchafu wa majani. Istilahi ya bodi inafuata njia hiyohiyo, na inaweka wajibu mahali panapostahili: aliyetia ndiye wa kutoa.

Jambo hili lina uzito zaidi katika nyanda za juu za Gusii kuliko sehemu nyingi za Kenya. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na eneo hilo hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, bila kuwa na mwezi ambao ni mkavu kabisa. Asubuhi za baridi, kompyuta iliyolala katika chumba kisicho na joto hupata ukungu mwembamba juu ya metali zake mara hewa yenye unyevu inapoingia. Bodi safi hukauka bila madhara. Bodi yenye masalia hunywa unyevu huo.

Kinachofuata kina jina lake, uhamaji wa ioni, na huhitaji vitu vitatu tu: unyevu, chumvi au asidi kidogo, na umeme. Volti 5 au hata 3.3 zinatosha. Metali ya mguu mmoja huyeyuka polepole katika unyevu wenye asidi, chembe zake zenye chaji zikasafiri kuelekea mguu wa jirani, na zikifika huko hugeuka tena kuwa metali. Zinajipanga katika vitawi vyembamba vinavyochanua mfano wa jani la kangaga. Kitawi kimoja kikifika upande wa pili, miguu miwili isiyopaswa kugusana imeunganishwa. Wakati mwingine mkondo wa umeme hukiunguza kitawi hicho mara moja, kompyuta ikajizima na kuwaka tena, na fundi asione kosa lolote. Ndiyo sababu hitilafu za aina hii huja na kwenda kabla hazijawa za kudumu.

Sasa, kusema masalia peke yake hakutoshi. Istilahi inatakiwa ikamilishwe: masalia ya nini? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua dawa ya kusafishia, kwa sababu kimiminika huyeyusha vitu vinavyofanana nacho kikemia na kuviacha vingine vilivyo.

Masalia ya utomvu hayayeyuki kwa maji. Hutoka kwa alkoholi ya isopropili. Zipo flaksi za asidi za kikaboni, ambazo masalia yake hutoka kwa maji safi yaliyotoneshwa na ambazo haziruhusiwi kubaki hata kidogo, maana hula metali. Masalia ya chai ya maziwa yana sukari, na sukari haiguswi na alkoholi kali, kwa hiyo maji yaliyotoneshwa hutangulia na alkoholi hufuata ili kuyafukuza maji. Masalia ya betri ndogo za alkali hutulizwa kwa siki kidogo, lakini yale ya betri ya asidi ya UPS hutulizwa kwa maji yenye soda ya kuokea. Ukigeuza dawa hizo mbili, unaongeza ubaya. Na ipo flaksi ya mafundi wa bati na mabomba, yenye kloridi ya zinki, ambayo haifai kabisa kukaribia bodi. Inashika haraka na kwa uzuri, na kwa hiyo inatamanisha, lakini masalia yake hunyonya unyevu na kula shaba hadi njia za umeme zinakatika.

Viwanda vikubwa navyo viliwahi kulipia suala hili gharama kubwa. Kwa miaka mingi bodi zilioshwa kwa CFC-113, kimiminika kisichoshika moto, kinachochemka karibu na nyuzi 48 na kukauka bila kuacha alama. Kisha ikathibitika kwamba kemikali za jamii hiyo zinaharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ulitiwa saini mwaka 1987, Kenya ikajiunga mwaka 1988, na sekretarieti inayousimamia iko Nairobi, katika makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Nchi tajiri ziliacha kuzalisha CFC kufikia mwaka 1996, na nchi zinazoendelea mwaka 2010. Watengenezaji wa bodi walipokosa kimiminika hicho walisukuma mbele flaksi mpya, ambayo masalia yake ni machache na hutulia yakipata moto wa kutosha. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita flaksi isiyooshwa.

Jina hilo limewadanganya wengi. Flaksi isiyooshwa huwa salama pale tu inapopashwa moto kamili, kama inavyopashwa katika tanuri la kiwandani. Fundi anayepaka flaksi ya sindano kwa wingi, kisha akagusa pembe moja kwa solda ya umeme, anaacha sehemu kubwa ya dawa ikiwa mbichi, na iliyo mbichi ingali na asidi hai. Kosa la pili ni kuiosha nusunusu. Alkoholi huvunja ule utomvu uliokuwa umeifungia asidi, utomvu ukaenda na kitambaa, asidi ikabaki wazi pamoja na ukungu mweupe juu ya bodi. Hali hiyo ni mbaya kuliko kutoigusa. Mwenye kuanza kuosha na amalize.

Solda zisizo na risasi zimeongeza mzigo huu. Solda ya asilimia 63 ya bati na 37 ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Zile zisizo na risasi, zilizoenea tangu sheria ya Ulaya ya Julai 2006, huanzia karibu nyuzi 217. Moto mkali huibabua flaksi, na masalia yaliyobabuka ni magumu kutoka.

Kwenye rafu za maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi kuna chupa nyingi zinazovutia kwa bei, na hapa majina yanaweza kuokoa au kuumiza. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, au angalau 90, ndiyo inayofaa. Ile ya asilimia 70 inaua vijidudu vizuri, lakini maji yake ni mengi kwa kazi ya bodi. Spiriti ya hospitali huenda ikawa na mafuta kidogo ya mbarika yaliyowekwa kwa ajili ya ngozi, na mafuta hayo hubaki kwenye bodi, yakawa masalia juu ya masalia. Vitakasa mikono vilivyojaa madukani tangu mwaka 2020 vina gliserini, ambayo huvuta unyevu kutoka hewani. Thina hulainisha plastiki na kufuta maandishi. Petroli ina benzini, inayosababisha saratani ya damu. Spiriti yenye methanoli hupenya ngozi na huweza kupofusha. Wakenya hawajasahau Mei 2014, pombe haramu yenye methanoli ilipoua makumi ya watu. Dawa ya kusafishia bodi isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Kazi yenyewe si ndefu. Chaja huchomolewa, betri hutolewa, kisha kitufe cha kuwashia hubanwa kwa muda ili chaji iliyobaki iishe. Boksi la kugeuzia umeme wa kompyuta ya mezani halifunguliwi na asiyejua, kwa kuwa kapasita zake huweza kushikilia volti zaidi ya 300 baada ya waya kuchomolewa. Vumbi kavu huondolewa kwanza kwa brashi kavu, la sivyo litageuka tope. Alkoholi huwekwa kwenye brashi laini, na fundi husugua kwa mwendo wa kwenda upande mmoja akiielekeza kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, kwa sababu shabaha ni kuyatoa masalia nje ya bodi. Kuyayeyusha na kuyaacha yakauke mahali pengine ni kuyahamisha tu. Chini ya chipu pana, ambako brashi haifiki, humwagwa alkoholi safi na bodi kuinamishwa ili itiririke. Hurudiwa mpaka kitambaa kibaki cheupe.

Madirisha yawe wazi. Alkoholi hii hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi 12 tu, yaani hata asubuhi ya baridi kali Nyamira, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo huteremka sakafuni na kutambaa hadi penye jiko. Solda ya umeme izimwe na ipoe kwanza. Mashine za kuoshea kwa mitikisiko ya sauti zisijazwe alkoholi, na zinaweza kuharibu fuwele za saa zilizoko kwenye bodi. Glavu za nitrili huzuia ngozi kukauka, na mikono huoshwa kabla ya kula, hasa solda ikiwa na risasi. Bodi huachwa ikauke kabisa kabla ya kurudishiwa betri.

Vyuo vya Gusii, kikiwemo Kisii National Polytechnic, hufundisha umeme na elektroniki kwa Kiingereza, ilhali vijana wengi hujifunza kazi hiyo vibandani, kwa Kiswahili na Ekegusii, kwa kumtazama aliyewatangulia. Mwongozo wa ukurasa mmoja wenye safu mbili, masalia ya nini na huondolewa kwa nini, ungewafaa wote wawili: mwanafunzi wa darasani na mwanagenzi wa kibandani katika soko la Daraja Mbili, Kisii. Safu ya tatu ingehusu mahali pa kutupia. Vitambaa vilivyofuta flaksi vimebeba chembe za risasi na bati, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila mzalishaji wa taka azitenganishe. Viwekwe kwenye debe la metali lenye kifuniko, mbali na moto, vikabidhiwe pamoja na bodi mbovu kwa wakusanyaji wa taka za elektroniki wenye leseni. Alkoholi iliyotumika isimwagwe mtaroni, maana mitaro mingi ya Kisii hushuka kwenye vijito vya Mto Gucha, na Gucha huishia Ziwa Victoria.